Dada Zawadi, Usiende Tena Kuchukuliwa Alama za Vidole

Mpendwa dada,

Hii nimeiandika mwenyewe, mimi mdogo wako niliyeishia kidato cha pili, kwa hiyo kalamu nyekundu iweke mbali. Ujumbe wako wa sauti nimeusikilizia hapa soko la Zhanxi, katikati ya mikokoteni ya viatu, mteja wangu Mkongo akinivuta shati. Unasema unarudi polisi kuchukuliwa alama za vidole, maana kile cheti cha kwamba huna makosa kimeisha muda tena. Unasema niulizie ile shule. Nimekwenda. Majibu nitakupa, ila niache nifike kwa miguu yangu.

Unakumbuka siku ya kwanza tuliyokwenda pale? Wewe na shahada yako ya ualimu, na ile ya uzamili uliyotoka kuipata hapa Guangzhou, kila karatasi ndani ya plastiki yake. Mimi na suti mpya, lebo bado inaning'inia mkononi mpaka ukaing'oa kwa meno pale getini. "Wewe mtoto, leo unatafsiri tu," uliniambia. "Usinifanyie udalali." Nikakubali. Lakini dada, mkalimani wa kiwango changu hawezi kutafsiri tu, ni kama kumwambia jogoo akohoe. Mwalimu mkuu, yule mama mfupi mwenye miwani kifuani, alipouliza umefundisha wapi, ulisema Singida, mazoezi ya kufundisha. Mimi nikamwambia kwa Kichina kwamba Singida nzima inaongea Kiingereza kwa sababu yako. Alicheka. Mpaka leo nadai kicheko kile ndicho kilichokupatia darasa la majaribio.

Ila darasa lenyewe ulilifanya peke yako, hilo nakuachia. Lile begi la ngozi tulilolifuata kule Shiling kwenye viwanda vya mabegi, mshono umekwenda upande, ulilijaza wanyama wa mpira. Mtoto anaingiza mkono bila kuchungulia, anataja alichoshika: ana mkia, ana pembe, ana miguu minne. Wazazi walikuwa nyuma ya kioo, simu juu. Kulikuwa na kabinti ka koti la pinki kasikotaka kusema lolote. Ulichuchumaa, ukakasogezea begi, ukasubiri. Kakamtoa simba, kakakutazama, halafu badala ya kutaja jina kakanguruma. Darasa zima likaanguka kwa kucheka, na wewe ukaanguka nalo chini sakafuni na sketi yako ya mahojiano.

Wakakuita tena. Wakakuita mara ya tatu. Tukaenda kula biriani kwa yule Msomali, tukakenua meno kama tumeshasaini mkataba. Kwetu mtu hakukaribishi nyumbani kwake mara tatu kama hana mpango na wewe. Kumbe hapa majaribio hayalipiwi, na wazazi wa nyuma ya kioo walikuwa wanaandikisha watoto kwa kukuona wewe.

Siku ya tatu ndipo mwalimu mkuu alipoomba pasipoti. Akaifunua taratibu, kama mteja anayetafuta kasoro kwenye kiatu. "Muulize lugha ya mama yake ni ipi," akaniambia.

Ukajibu Kinyaturu, kisha Kiswahili.

"Sema Kiingereza," nikakunong'oneza.

"Mama akisikia?" ukasema, na ukacheka kidogo. Cheko la mwisho nililolisikia kwako ndani ya jengo lile.

Akanieleza, nami nikakutafsiria, na mara hiyo sikuongeza chumvi. Mwalimu wa lugha ya kigeni lazima awe na shahada. Unayo. Awe amefundisha miaka miwili, lakini mwenye shahada ya ualimu anasamehewa hiyo. Ukasamehewa. Afya, safi. Polisi, safi. Halafu afundishe lugha ya mama yake, na anayesema mama yako anaongea nini ni pasipoti, si mama. Dada, ulipita milango yote ukakwama kwenye ule uliozaliwa nao.

Alikupa njia ya pembeni, hilo nalo ulikumbuke. Ufundishe kwa viza ileile ya masomo, na wakaguzi wakija utoke kwa mlango wa jikoni. Nikakukanyaga mguu chini ya meza, kubali. Wewe ukafunga zipu ya begi.

"Mwambie ahsante," ulisema. "Mwalimu akikimbilia jikoni, kesho watoto watamwita nani?"

Pale uwanja wa ndege wa Baiyun, siku unarudi nyumbani, ukanikabidhi begi. "Nitunzie. Sheria hubadilika, nikirudi naingia nalo darasani." Nikakujibu kwamba ukirudi utanikuta nimeshakuwa mwalimu mkuu, ukanipiga kofi la kisogoni.

Sasa majibu. Nilimkuta mama yuleyule, miwani ileile. Nikauliza Kiingereza, akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Nikajifanya mjanja: je, Kiswahili? Akapiga simu ofisi ya pili, akarudi na uso mwema. Kiswahili unaruhusiwa, hakuna hata muhuri utakaokukwaza. Dada, nilishaanza kukupangia kitanda cha upande wa dirisha. Akamalizia: "Lakini hapa nani atakisoma? Meiyou."

Meiyou. Hakuna. Sokoni naambiwa hivyo tangu asubuhi, hakuna saizi, hakuna rangi, na dawa yake naijua: unageuka, unaondoka polepole, na kabla hujafika kona laoban mwenye duka anakuita urudi. Basi nikageuka. Nikatembea polepole kuliko nilivyowahi kutembea mji huu. Nikapita kile kioo cha wazazi, nikapita uwanja, getini nikainama nikafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Hakuniita.

Kwa hiyo usiende polisi. Ile shule ya Manyoni iliyotaka kukuajiri, ukaiambia isubiri, mama yetu anasema imeshaanza kuulizia mtu mwingine. Nenda kesho, kama nafasi ipo bado. Kama haipo, sina maneno, na unajua mimi kukosa maneno ni ugonjwa. Nilizoea kuwaambia watu wa hapa kwamba dada yangu anakuja. Jana Mkongo ameniuliza unafika lini, nikageuza maneno, nikamwonyesha viatu.

Begi nimempa mama mmoja wa Kariakoo anayeondoka wiki hii, atalifikisha kwa mjomba. Wanyama wote wamo, nimewafunga kwenye soksi. Ukikuta simba hayumo, usimtafute. Nimebaki naye hapa dirishani. Hana shahada, pasipoti yake mbovu kama yetu, na hajui kusema kitu zaidi ya kunguruma. Tutaelewana.

Kaa salama, mwalimu.

Ni mimi mdogo wako, mkalimani uliyemwachia begi.