Mboga Zisizo na Chumvi

Jumapili jioni, mtaa wa Baba Dogo

Mke wangu Rosa amekataa kula tena. Tangu apigwe na kiharusi, mimi ndiye mpishi, na tuliyofundishwa kliniki nayajua yote: chumvi kidogo, mafuta kidogo, mboga kwa wingi. Naogopa kiharusi kikirudi...

Leo mchana alisukuma sahani yake ya sukuma wiki, akaitazama yangu.

"Baba Mwende, yako umeitia chumvi."

Ni kweli. Miezi mitatu nimempikia chakula ambacho mimi mwenyewe sikiwezi, halafu namgombeza asipokila.

Nikaiweka sahani yangu kando, nikajipakulia mboga zake. Tulikula polepole.

Yeye alimaliza. Mimi nilibakisha.