Mshumaa wa Jirani

Neema mpenzi,

Hapa Akalla tu wazima. Babu yako anamwagilia sukuma wiki yake roshani huku akiimba. Unauliza ununulie nyumba yako huko Kiruna pampu ya joto, ile mashine ya kupasha nyumba, ya ukubwa gani.

Majira yetu ya kwanza ya baridi, katika nyumba kuukuu kule Märsta, mama yako akiwa mchanga, nilitaka jiko la kupasha nyumba lililo kubwa kuliko yote dukani. Jirani yetu Inga akaja na mshumaa, akaupitisha kando ya madirisha. Kwenye kila dirisha, mwali wa mshumaa ulilala kwa upepo uliopenya.

“Mnataka kupasha joto barabara nzima?” akauliza.

Tukaziba nyufa siku mbili. Jiko dogo tulilokuwa nalo likatosha kabisa! Babu yako akavua sweta, akacheza nami dansi jikoni, na kwa mara ya kwanza tukamsikia mama yako akicheka.

Nakukumbatia,
Nyanya