Sauti Yako, Baba, Inataka Betri Zilizochoka

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Julai 1996 ulipoanguka kando ya vichanja vya kahawa hapa Maguu, kiganjani bado una buni ulizokuwa ukichambua. Mama alikuwa ameteremka Kihagara, kwao ziwani, kumwangalia Bibi aliyekuwa anaumwa. Alipofika nyumbani ulikuwa umeshalazwa sebuleni, umefungwa kidevu, na hukuwa na neno tena kwa mtu yeyote.

Jarida la parokia limetuomba tuwe wafupi. Wewe hukuwahi kuwa mfupi hata siku moja, kwa hiyo watuvumilie. Anayeandika ni mimi Avelina, binti yako wa kwanza, kwa niaba ya wadogo zangu William na Siwema na wote wa nyumbani.

Kwa wasiokujua, ulikuwa mkulima wa kahawa na mpiga kinanda wa kanisa letu, Pankras Ndunguru. Ulimfundisha kinanda mtoto yeyote aliyekuja na mikono iliyooshwa, wala hukudai hata kuku. Mwaka ambao jirani yetu mama Albina alifiwa na mumewe na mashimo yake ya ngoro, kilimo chetu cha huku mlimani, yakabaki bila kulimwa, ulitutoa kitandani alfajiri tukamlimie, na ukatukataza kusema. Leo tumesema, utusamehe.

Na ulipenda simfonia za mtunzi mmoja wa Kijerumani, muziki mrefu wa vyombo vingi usio na mwimbaji. Kaseti ya kwanza ulirithi kwa Padre Kilian aliporudi kwao Ulaya. Ya pili uliipata miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku milimani na maduka ya Mbinga yakajaa redio kaseti. Bwana Adinani mwenye duka ndiye aliyekuagizia kutoka Dar es Salaam. Simfonia ni ile ile, noti kwa noti, ila okestra nyingine na kiongozi mwingine. Ulirudi nayo umeishika kama yai. Uliipiga mpaka mwisho, kisha ukasema, "Huyu anakimbilia wapi?"

Hapo ndipo ulipotumaliza. Kila Jumapili baada ya misa ilikuwa ya kwanza, kisha unairudisha mwanzo kwa kuizungusha na kalamu ili kuokoa betri, kisha ya pili, kisha hukumu. Ulisema kiongozi wa kwanza anapanda mlima na gunia la kahawa mgongoni, na wa pili anashuka mikono mitupu. Wote wanapita njia moja, ulisema, ila mmoja tu ndiye aliyeiona hiyo njia. William alikuwa upande wa wa kwanza, Siwema upande wa wa pili. Mimi nilisema sioni tofauti, ukanitazama kwa huruma, ukanirudishia tena kutoka mwanzo. Mama alimtaka wa pili kwa sababu anamaliza mapema. "Wazungu wako wanagombana tena," alizoea kusema, na kwenda zake jikoni.

Ndipo ukataka kumtengenezea rafiki yako, Mwalimu Cuthbert wa Kitura, kaseti ya kulinganisha: kipande cha huyu, kipande cha yule, na maelezo yako katikati. Uliazima redio ya Bwana Adinani ili moja iimbe na yetu irekodi. Betri mpya zilikuwa za redio moja tu. Ukazipa ile inayoimba. Yetu ukaiachia zile kuukuu, zilizoanikwa juani hadi karatasi zake zikapauka. William alikuuliza kama zitaweza. Ukamjibu, "Kusikiliza hakuli betri."

Ulipoisikiliza siku ile kwa betri zile zile ilikuwa sawa kabisa. Mwalimu Cuthbert hukumpelekea. Kila akiuliza ulisema bado kidogo, kuna mahali unataka kuongeza neno.

Siku tulipomaliza matanga, uani kumejaa watu, William aliona vyema tuisikie sauti yako. Akanunua betri mpya, kwa mapenzi tu. Ikatoka sauti nyembamba, ya haraka, ya mtoto wa miaka kama mitano, ikisema maneno yako: "Hii ni ya kwanza. Sikilizeni miguu yake." Kikombe kilimponyoka shangazi Vitalia, dada yako. Muziki ukapita mbio. Kisha kile kitoto kikaita, "Ottilia."

Baba, wewe peke yako ndiye uliyemwita Mama kwa jina lake. Kwetu ni Mama, kanisani ni Mama Avelina, sokoni vivyo hivyo. Mama alisimama, akaitazama redio, akauliza, "Huyo nani anayeniita?" Shangazi Vitalia alitaka kaseti ichomwe moto pale pale. Mama akaitoa mwenyewe, akaifungia sandukuni chini ya vitenge vyake.

Tulidhani yameisha. Wakati wa Kwaresima nilimkuta jikoni amesimama na mwiko mkononi, sufuria inaungua, amegeuza sikio kuelekea sebuleni. Akaniambia, "Anaita tena." Nikamwambia, Mama, ni majonzi, yatapita. Akasema sijaelewa. "Namtafuta kichwani baba yako anavyoniita, simpati. Nikimtafuta anakuja yule mdogo." Niliogopa, Baba, sitakuficha. Nililala kwake siku zile, na mimi nikaanza kukisikia hicho kitoto kwenye mlio wa mlango na kwenye kuku. Ulikuwa umekufa mara moja, sasa kitu kilikuwa kinakufuta.

Aliyetuokoa ni Bwana Adinani. Alikuja kutusalimia, akasikia habari ile, akacheka, kisha akaona uso wa Mama na kuacha. "Shikamoo, Mama. Niwie radhi," alisema. "Huyo si mzimu, ni betri. Mzee alirekodi kwa betri zilizochoka, redio ikawa inazunguka polepole. Ukimpiga kwa betri mpya lazima akimbie. Mpigeni kwa zilizochoka, atarudi mwenyewe." Shangazi Vitalia alimuuliza kama ana hakika. Akasema, "Shangazi, ninauza betri."

Lakini alituonya. Redio yenye betri zilizochoka inakula kaseti. Mkanda unalegea, unajisokota ndani, na ukikatika pale pa kuitwa, ndiyo basi. Kuinakili kwanza nako kungetupa yule yule mdogo, wa nini. Tulibishana juma zima. William hakutaka kuhatarisha kitu pekee chenye sauti yako. Mama alimwambia, "Sauti yake ndiyo sina, mwanangu. Hiyo unayoitunza si yake."

Basi tukaanza kuzichosha zile betri mpya za William. Tulipiga kanda ya kwaya kutwa, siku nenda siku rudi, hadi sauti za kwanza zikawa za tatu, na Siwema akasema kwaya nzima imelewa komoni. Ungecheka. Mama hakucheka, alikuwa anasikiliza. Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kumbukumbu yako, alinyanyua mkono akasema, "Sasa."

Tuliketi pale pale tulipokuwa tukiketi. Mwanzo ulikuwa wewe bila kuwa wewe, kijana mwembamba mwenye haraka, kama ulivyo kwenye ile picha ya harusi. Shangazi alishika rozari. Muziki wa kwanza ukapanda mlima wake. Uliposema, "Haya, sasa mlinganishe na huyu," sauti ilikuwa imeshuka kidogo, na pumzi zako za puani zikasikika. Mkanda ulianza kutoa mlio wa kukwaruza. William alinyoosha mkono azime, Mama akaushika.

Kisha ukaita. "Ottilia. Hebu njoo ukae kidogo, usikilize." Ulikuwa wewe, Baba. Ulivyolivuta lile jina katikati, na kile kikohozi chako kidogo baada yake, wewe mtupu. Nyuma kabisa, kutoka jikoni ya siku ile, sauti ya Mama ikajibu, "Nasonga ugali, Baba Avelina." Ukacheka, ukasema, "Haya."

Mama alikuwa amekaa kwenye kile kigoda karibu na redio, ambacho miaka yote uliweka kwa ajili yake. Akasema, "Nimekuja." Akangoja kidogo. Sauti ya muziki ilipoanza kuzama akabonyeza kitufe mwenyewe kabla mkanda haujaliwa. Alilia, nasi tukalia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai ile kulia bila kuogopa.

Tunajua hukupenda mtu akate muziki kabla haujaisha. Lawama hizo mpe yeye mtakapoonana. Betri zipo dirishani, juani, zinajikusanyia nguvu kidogo. William alirudi juzi kutoka Mbinga na betri mpya za tochi, Mama akamwambia aziache nje na viatu. Hatujui kama kaseti itavumilia mara nyingine, wala hatujamuuliza Mama kama anataka. Jikoni hasimami tena na mwiko akigeuza sikio.

Mwalimu Cuthbert anasema bado anaisubiri kaseti yake. Tumemwambia aje ailinganishie hapa hapa.

Utabaki nasi siku zote. Wanaokukumbuka ni watoto wako Avelina, William na Siwema. Dada yako Vitalia. Wakwe na wajukuu wa Maguu na Kihagara. Rafiki zako Adinani na Cuthbert. Wanakwaya wako wote. Na Ottilia, aliyekuja ulipomwita.