Gari la Kaka Deusi Haliwaki

Jumatatu, 5 Julai 1993

Betri nimeipima tena. Nzima. Maji yanafunika mabamba, vichwa nimeviosha kwa maji ya moto na magadi mpaka vikang'aa. Taa za mbele zinamulika hadi ukuta wa jirani. Nazungusha ufunguo: tk. Basi.

Kaka Deusi alikuwa barazani, amejifunika blanketi ingawa jua lilishatoka. Aliposikia ile tk aligeuza uso. Afadhali angelalamika.

Baridi ya mwezi huu mbaya. Asubuhi spana zinauma mikono.

Jumanne, 6 Julai

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa. Gari ni la Kiingereza, la viti viwili, turubai juu. Jepesi kiasi kwamba mimi na Sudi, jirani yangu mwenye lori, tuliliinua nyuma bila jeki. Kaka alilinunua Zambia, alikokuwa akifanya kazi mgodini tangu mimi niko darasa la pili. Mwezi uliopita amerudi nalo, jekundu, linang'aa hadi chini ya tumbo, likisukumwa kila lilipozimika. Kazi yake imekwisha. Mke alishaondoka. Mwili umebaki mifupa. Ugonjwa hatuutaji. Mke wangu Gaudensia hautaji, mimi siutaji, mwenyewe anauita kifua.

Anataka kitu kimoja tu. Afike Mwazye kwa mama, ndani ya gari lake, gari linalowaka kwa ufunguo. Baba alipofariki hakuja, wala hakutuma salamu. Ana maneno ya kumwambia mama juu ya hilo, kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi hakuniambia ni maneno gani.

Nilimweleza kwamba hapa Sumbawanga kila dereva anaegesha mteremkoni, anaachia breki, anaondoka. Nusu ya malori ya mji huu hayana stata ya kuwashia na mahindi yanafika. Akasema Mwazye wamemsubiri mno, hawezi kusukumwa na wapwa zake mbele ya watu. Lori la Sudi hataki hata kulisikia. Nilikasirika. Kisha nikamwelewa. Kisha nikakasirika tena.

Alhamisi, 8 Julai

Nimeshusha stata. Boliti ya juu imenimalizia asubuhi yote, vidole vimechunika. Kaboni, vile vijiwe vya kupitisha umeme ndani yake, zimelika. Nimechonga nyingine kutoka kwenye stata ya lori lililokufa, nimezikalisha kwa msasa. Nikaifunga kwenye meza, nikaipa umeme wa betri. Ikazunguka kwa nguvu, karibu iruke mezani. Kaka alipiga makofi kutoka barazani. Mara ya kwanza namwona anacheka tangu afike.

Nikairudisha garini. Tk.

Hakucheka tena. Mimi nilitupa spana ukutani kama mtoto mdogo, nikaenda kuiokota.

Ijumaa, 9 Julai

Kutwa nzima kwenye malori. Msimu wa mahindi, wanunuzi wanapigana vikumbo Laela, kila mwenye gari bovu analitaka barabarani leo hii. Siku hizi ruksa kila kitu. Waliponipunguza kazini kule karakana ya serikali waliniambia nami nikajitafutie. Nimejitafutia. Nina uwanja, turubai na meza moja.

Jambo moja linanisumbua. Nikizungusha ufunguo, taa za mbele hazififii. Stata ikiwa imekwama inanyonya umeme, taa zinapaswa kunywea. Hizi zinakodoa tu. Maana yake stata hainywi kabisa. Umeme unaishia njiani. Waya mnene wa kuingia nimeupima kwa taa yangu ya kupimia, unapitisha. Swichi ya stata nimeiunganisha kwa bisibisi, cheche kidogo, kimya. Waya wa ethi, wa kurudisha umeme, kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi nimeuangalia. Mpya, mnene, umekazwa barabara. Sasa nini?

Jumapili, 11 Julai

Misa. Kaka hakwenda. Tuliporudi tulimkuta chini, kati ya kitanda na mlango. Alisema alikuwa anakwenda kuangalia gari. Mwepesi sasa. Nilimnyanyua peke yangu, nikatamani awe mzito.

Gaudensia anampikia uji wa ulezi. Anakunywa nusu kikombe, anashukuru kwa adabu, kama mgeni. Adabu hiyo inaniuma kuliko kikohozi.

Jumatatu, 12 Julai

Nimeupata ugonjwa. Wa gari.

Nilimkalisha kwenye kiti cha dereva anisaidie kuzungusha ufunguo, mimi nikiwa kichwani mwa injini. Mara ya tatu akalalamika kwamba kishikio cha choki, kile cha kubania hewa injini ikiwa baridi, kinaunguza. Nilidhani ni homa. Nikakishika. Cha moto kweli, na kule ndani plastiki ilianza kunuka.

Waya wa choki hauna biashara ya umeme. Ni wa kuvuta tu. Kama una moto, basi umeme wa stata unarudi kwa kupitia humo, kwa sababu njia yake halali imefungwa. Injini imekalia mipira, haigusi bodi popote. Kwa hiyo ni ethi. Ile ile mpya, mnene, iliyokazwa barabara.

Nilikuwa nimeiangalia kwa macho. Sikuifungua. Kwa kosa hili ningemchapa fundi mwingine.

Giza lilikuwa linaingia, kaka anatetemeka. Nikamwambia kesho tutaona.

Jumanne, 13 Julai

Gaudensia alimpeleka kaka hospitali kuchomwa sindano. Nikabaki peke yangu nalo.

Nilifungua ethi. Chini ya kile kichwa cha shaba kuna rangi. Rangi nyekundu, nzito, imepakwa mara tatu au zaidi. Kaka alinieleza zamani, kwa kujisifu, kwamba kabla ya kuondoka aliwaagiza mafundi rangi wasibakize mahali. Wapake juu, chini, kila boliti, gari liingie nyumbani kama limetoka dukani leo. Wakapaka. Wakafunga ethi juu ya rangi. Nati peke yake ndiyo ilikuwa inapitisha umeme kidogo kidogo, na barabara ya kutoka mpakani ikamaliza kuilegeza. Ndivyo tulivyo. Mtu wa huku harudi nyumbani na gari lililopauka.

Nimekwangua mpaka chuma cheupe. Upande wa bodi, upande wa injini. Nikapaka grisi, nikakaza. Ufunguo. Ikawaka kabla sijamaliza kuuzungusha. Nikazima. Nikawasha. Nikazima. Nilikaa mle ndani, mikono kwenye usukani, na sikufurahi hata chembe.

Akijua limepona, kesho anakwenda. Akienda harudi. Ndivyo ilivyo, hakuna haja ya kuzungusha maneno. Miaka yote nilikuwa na kaka wa kwenye picha. Sasa yuko barazani kwangu, ananielekeza namna ya kushika bisibisi, ananitania upara wangu.

Waliporudi aliuliza. Nilisema bado.

Jumatano, 14 Julai

Nimelala chini ya gari asubuhi nzima, sifanyi kitu. Nimefungua nati, nimezifunga. Yeye barazani anasimulia. Kuhusu lifti ya mgodini inavyoshuka moyo ukibaki juu. Kuhusu jinsi baba alivyonibeba mgongoni kwenda kuchanjwa, nami nikamkojolea. Sikuwa nikilijua hilo. Nilicheka mpaka nikajigonga kichwa kwenye ekseli.

Siku nzuri. Nimeiba, lakini nzuri.

Alhamisi, 15 Julai

Aliniuliza kama kweli naliweza gari hili au tumwite fundi mwingine kutoka Mbeya. Sauti imeanza kukwaruza. Nilisema naliweza. Nilisema kidogo tu bado.

Gaudensia aliniangalia. Nadhani majirani walimweleza kwamba Jumanne gari liliwaka. Chakula alikiweka mezani kwa kishindo.

Ijumaa, 16 Julai

Sauti imekwenda. Asubuhi alifungua kinywa kuniita, ikatoka pumzi tupu. Mganga wa hospitali anasema koo limejaa vidonda, anywe dawa, tungoje. Tungoje nini?

Gaudensia alinifuata uwanjani. Kwa upole, na upole wake ndio mbaya: "Baba Oresta, mpeleke shemeji kwao."

Nilikwenda kitandani kwa kaka nikamwambia limepona. Alifumba macho, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. Kwa shukrani. Naandika hivyo ili niisome siku nyingine.

Jumamosi, 17 Julai

Tumefika.

Nilimfunga kwenye kiti kwa kanga ya Gaudensia, blanketi mbili, kofia ya sufu. Turubai nililifungua kwa sababu aliomba kwa mkono. Baridi, vumbi, nyasi zimekauka pande zote hadi Matai. Gari linakimbia vizuri, sina la kulisema. Kila shimo alikunja uso, lakini nikipunguza mwendo ananigonga gotini niongeze.

Kabla ya kuingia Mwazye, mahali tambarare, hapana mteremko wowote, akanipa ishara nisimame. Nizime. Nilikataa kwa kichwa. Akanipa ishara tena. Nikazima. Alitaka kuvua kofia na kuchana nywele. Akafungua kanga kiunoni, nikamfungia kola ya shati, ikazunguka shingo yake na nafasi ikabaki. Upepo tu. Kisha akanyoosha mkono yeye mwenyewe kwenye ufunguo. Ilimchukua muda kuuzungusha.

Likawaka.

Aliketi wima mpaka mlangoni kwa mama. Sijui alitoa wapi nguvu hiyo. Watoto walikimbia nyuma, wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakazunguka gari na kupapasa rangi. Mama alipita katikati yao bila kuligusa. Alimshika kaka mashavu kwa mikono miwili, akamwita jina lake la utoto, la Kifipa, ambalo sikuwahi kulisikia. Kaka alifungua kinywa. Midomo ilichezacheza kwa muda mrefu. Mama aliinamisha sikio, akangoja, akangoja. Hakikutoka kitu.

Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba.

Jumatatu, 19 Julai

Nimerudi nyumbani Katandala, hapa Sumbawanga, kwa lori la Sudi, juu ya magunia. Gari nimemwachia kaka Mwazye. Malori matatu yananingoja uwanjani. Sina hamu nayo.

Jumatatu, 26 Julai

Sudi amepita leo akitoka Mwazye. Alishuka, akasalimia, akaomba maji, akayanywa yote ndipo akasema. Kaka amefariki jana asubuhi, mikononi mwa mama. Wananingoja mimi tuzike.

Gaudensia anafunga nguo. Mimi nimekaa.

Alhamisi, 29 Julai. Mwazye

Tulimzika juzi, kando ya baba. Watu wengi, katekista alisema vizuri. Wageni wamepungua leo, wameanza kurudi mashambani kupukuchua mahindi.

Jioni nilikuwa na mama jikoni, sisi wawili, moto katikati. Alikuwa anachagua maharage. Alisema amefurahi kwamba mwanawe alifika akiwa hai, wengine hurudishiwa sanduku. Akasema tena, bila kuinua macho, kwamba siku zile zote alikuwa anamsomea midomo na hakuweza kupata hata neno moja. Angeletwa angali anaongea, angalau siku mbili tatu mapema.

Nilimjibu kwamba gari lilikuwa bovu, lilinisumbua sana.

Akaacha maharage, akanigusa bega. "Pole mwanangu," alisema. "Najua ulihangaika."

Kisha akaniomba nisogeze kuni.