Taa ya Kijani Haitoshi, Mjomba

Mpendwa mjomba Ramadhani,

Shikamoo. Marahaba yako siwezi kuisikia tena, lakini siwezi pia kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Nina habari, na nimeamua kuiandika wazi ili na wengine waisome: nimeshinda mbio za mwisho za ligi. Nilianza wa kumi na moja, nikamaliza wa kwanza.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Chemchem baada ya mkeo kufariki? Ulifunga nyumba yako ya Itetemia, ukaja na sanduku moja na redio, ukawa mtu wa kukaa kimya. Mama, mdogo wako wa tumbo moja, alikuwekea uji asubuhi na mchana akaukuta umepoa. Wewe uliyekuwa ukiichekesha stesheni nzima, miaka yote ile ya kupanga na kuunga mabehewa pale njia ya Kigoma inapoachana na ya Mwanza! Nilikuwa nikirudi kutoka kibandani kwangu, ninakotengeneza simu, nakukuta umekaa palepale nilipokuacha.

Nami nilikuwa na aibu yangu. Kila Jumamosi alasiri nilikaa kwenye meza ya cherehani mbovu ya mama, niliyoifungia usukani wa gemu, nikakimbiza magari mtandaoni na wenzangu kumi na tisa, Watanzania na Wakenya. Mama aliuita mchezo huo utoto wa mtu mzima. Hilo halikuniumiza. Kilichoniumiza ni mwanzo wa mbio. Katika ligi yetu magari hayaanzi yakiwa yamesimama. Yanakuja polepole kwa mistari miwili, yakifuatana, mpaka taa ya kijani iwake, ndipo kila mtu anaruhusiwa kukimbia. Kila taa ilipowaka nilikanyaga mafuta mpaka mwisho, nikamgonga wa mbele yangu, tukaingia kona ya kwanza tumebebana. Nilishapewa onyo mara mbili, na la tatu lilikuwa kufukuzwa. Jamaa mmoja wa Nakuru, bingwa wetu, alinibandika jina la Tingatinga. Wengine wakalipokea. Nilicheka nao, kisha nikazima gemu.

Siku moja ulikuwa nyuma yangu kwenye mkeka. Nilimgonga mtu tena, bahati nzuri yalikuwa mazoezi tu. Ndipo nikasikia sauti yako, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mjomba," ukaniita, kama ulivyoniita siku zote, "hao wa mbele wanaiona taa kabla yako?"

Nikakujibu kuwa tunaiona wote kwa pamoja.

"Sasa nani kakwambia wanaondoka kwa pamoja?"

Ukaniomba viberiti vitupu na uzi. Ukavitunga vitano, ukiacha uzi umelegea kati ya kimoja na kingine, ukakivuta cha kwanza taratibu. Kikatembea. Cha pili kikangoja uzi ukaze, kisha cha tatu, na cha tano kilikuwa bado kimelala wakati cha kwanza kimeshafika ukingoni mwa mkeka. Ukanieleza kuwa treni haiondoki mara moja, huondoka behewa kwa behewa. Ukasema hata wapagazi wa zamani, waliopita hapa na mizigo kwenda pwani, wa mwisho alikuwa anajitwisha wakati wa kwanza haonekani tena, na mwenye haraka wa nyuma alichoambulia ni kumkanyaga mwenzake visigino.

Kisha ukanyoosha mkono wako wa kushoto, ule wenye vidole vitatu. Tangu utotoni tulijua kuwa hauulizwi. Ulisema ulikuwa kijana, ukitaka mkubwa wako aone ulivyo mwepesi. "Niliona kichwa cha treni kimetembea, nikadhani na behewa langu limeshatembea. Nikaingiza mkono kwenye kiungo, ndipo likavutwa."

Mama alikuwa mlangoni na sufuria. Miaka yote hiyo uliwaambia nyumbani kuwa ni panga la shambani. Aliiweka sufuria chini, akaja akakaa kando yako, akaushika mkono ule.

Tangu siku hiyo tukawa na kazi. Kila alasiri ulivuta kigoda, nami nikaanza mbio mara kumi, kumi na tano, bila kuzimaliza. Tulitaka mwanzo tu. Ulinizuia kumtazama wa mbele yangu, ukataka nimtazame wa tatu. Ulinitaka niache nafasi kabla ya taa, nami nikaongeza kushusha gia ili injini iwe macho; taa ikiwaka ulitaka nisikilize kwanza. "Bado," ulikuwa ukisema. "Bado. Haya." Ulipoona gari la mtu mwenye mtandao mbovu linarukaruka kama panzi kwenye kioo, ukasema huyo apewe uwanja wake, asisogelewe. Nilikosea wiki nzima. Wiki ya pili nikafika kona ya kwanza bila kumgusa mtu, ukapiga goti lako kofi ukacheka, na mama akatoka jikoni kuja kutazama nani anacheka. Uji ulianza kuisha bakulini.

Halafu homa ikakuchukua kwa siku nne. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika mbio za mwisho.

Baada ya kukuzika niliifunika ile meza kwa kanga. Sikutaka kuuona usukani. Niliwaandikia wenzangu kuwa wasinihesabu. Wiki moja kabla ya mbio, mama, yuleyule wa utoto wa mtu mzima, aliiondoa kanga akaikunja. "Kaka yangu alirudi kuwa mtu kwenye meza hii," akasema. "Usiifunike tena."

Basi nikakaa. Siku yenyewe umeme ulikuwepo, mtandao ukatulia, na mama akasimama mlangoni kuwazuia majirani wasipige hodi. Mistari miwili ikaanza kusogea. Niliacha nafasi ya gari moja na nusu, nikashusha gia hadi ya pili, macho kwa yule wa tatu mbele yangu. Taa ikawaka. Wa ubavuni mwangu akafyatuka kama nilivyokuwa nikifyatuka mimi, akampiga wa mbele yake, na hao wawili wakawavaa wengine. Mguu wangu ulitaka kukanyaga, mjomba, lakini nilingoja kwa muda wa kumeza mate. Nikaliona gari la tatu linachomoka, ndipo nikakanyaga. Ile nafasi niliyoiacha ikawa uwanja wangu wa kuchukulia kasi. Nilivuka mstari wa kuanzia nikiwa mwepesi kuliko wote walionizunguka, nikapita kulia kwa waliogongana wakati bado wanazunguka. Nilitoka kona ya kwanza nikiwa wa tano.

Waliobaki niliwafikia mmoja mmoja. Mzunguko wa mwisho tulikuwa wawili, mimi na yule wa Nakuru. Alichelewa kukanyaga breki kwenye kona ndefu, akatoka nje kidogo, nikapita ndani. Sikumgusa. Mbio nzima sikumgusa mtu hata mmoja.

Mama aliniona nalia akauliza kama nimeshinda au nimegongwa. Nilipomwambia alinikumbatia pamoja na usukani wenyewe. Yule bingwa naye akanipongeza, akaniita kwa jina langu, akataka kujua nani kanifundisha kuondoka vile, na kwa gari gani. Nikamjibu kuwa ni mjomba wangu, aliyeunga mabehewa Tabora na hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Akaniomba nimweleze vizuri, nami nikamwelezea vile viberiti, polepole, mpaka akaelewa.

Bado nakukumbuka alasiri zikifika. Kigoda nimekiacha mahali pake. Ila siumii kama mwanzo. Nikikaa mezani najisikia mtu aliyeaminiwa.

Jana mama alikaa mwenyewe kwenye usukani. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, kicheko ambacho sijakisikia tangu tulipotoka makaburini. Anasema Jumamosi atajaribu tena, na ameniomba nisimwambie mtu. Nakwambia wewe tu, mjomba, na hawa wanaosoma.

Pumzika kwa amani. Huku tunaendelea vizuri.

Mpwa wako,
Tunu