Njiwa wa Babu

3 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila magoti yamekuwa na kiburi. Anayeniandikia ni fundi cherehani jirani. Nimemkataza kupamba maneno.

Kuku wangu mwekundu alikuwa akitetemeka. Nikamfunga shuka kifuani, nikaikaza kweli, pua nikaiacha wazi. Asubuhi kafa! Wewe unayesomea kutibu ndege, najua kuja huji, basi hata jibu: pua i wazi, kafaje?

Bibi yako

20 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Msalimie fundi.

Sisi tuna kiwambo, nyama iliyo chini ya mapafu, kinatuvutia pumzi. Ndege hana, na mapafu yake hayatanuki. Ana vifuko vya hewa, vingine vinaingia hadi mifupani. Hewa nyingi huenda kwanza vifuko vya nyuma, ndipo ipite mapafuni, iingie vya mbele, itoke. Kinachoisukuma ni kidari, kinashuka na kupanda kama mvukuto wa mhunzi. Ukikibana kidari, pumzi imekwisha, hata pua iwe wazi.

Siku nyingine mshike mabawa tu.

Mjukuu wako

2 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. U mzima? Barua yako imelala chini ya mto wangu miezi minne.

Siku tuliyomzika babu yako nilimkumbatia njiwa wake, nikalia naye kifuani. Nikamrudisha tunduni bila kumtazama. Walipomkuta amekufa, nikasema ni wewe, umemlisha mtama ukamsakama kooni. Nikakupiga kofi mbele ya waombolezaji. Miaka tisa hujavuka kizingiti changu.

Mdomo wake ulikuwa wazi, mjukuu wangu. Nilidhani tunalia wote.

Fundi anataka tuandike "samahani kama nilikukosea." Nimemwambia afute hiyo "kama".

Bibi yako

19 Agosti

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yamepoa kiburi.

Nilijua tangu mwaka wa kwanza chuoni, mwalimu alipotupasulia njiwa mezani, nikakumbuka ulivyomkumbatia yule wa Babu. Nikanyamaza. Ulipouliza habari za kuku, nilikujibu kwa kirefu makusudi, nikijua utafika mwenyewe kwa njiwa yule. Kisha nikakaa miezi minne nikingoja uumie. Na mimi pia sina "kama".

Naja Ijumaa. Nikumbatie, unibane utakavyo. Mimi nina kiwambo.

Mjukuu wako