Naam ya Pili

Changamwe,
Ijumaa, 22 Desemba 1961

Kwa dada yangu Barke binti Jaffar, Mtongwe.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakushika miguu, dada, nawe nipokee japo kwa karatasi. Natumai barua hii itakukuta umeamka salama, miguu imepungua kuvimba, na mtoto anacheza tumboni kama alivyokuwa akicheza nilipokuja mara ya mwisho. Mimi ni mzima wa mwili. Jipu la mkononi limepona, homa hainirudii, na chakula nakula. Habari za moyo utazisoma huko mbele.

Barua yako ilinifika Jumatatu. Nakujibu kwa herufi za Kiarabu, zile tulizofunzwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani wewe na mimi, ingawa mkono wangu umeshazisahau na hati yangu inatia aibu. Nimefanya hivyo makusudi. Ningeandika kwa herufi za skuli ungelazimika kumwita mtu akusomee, na haya si ya kusomewa na mtu. Soma peke yako, na tafadhali soma ukiwa umekaa.

Umeniambia kwamba wanawake wanaokuja kukutazama katika eda yako huzungumza bei ya samaki mbele yako, wakifika uani wakageuza maneno. Na kwamba kwa masikio yako mwenyewe ulimsikia mmoja akikuita mke wa mwizi wa shaba. Umesema kifo umekipokea, kwa kuwa ni amri ya Mungu, lakini usilolipokea ni mtoto wako kuzaliwa akaitwa mwana wa mwizi. Kisha ukaniuliza neno moja tu: mume wako alipokwisha kutoka kwenye lile handaki la maji, alirudi ndani kufanya nini? Umesema nilikuwako, kwa hivyo najua. Ni kweli nilikuwako, na najua.

Utashangaa kwa nini sikuvuka maji nikaja kukuambia uso kwa uso, maana Mtongwe na hapa Kipevu, kazini kwetu, tunatazamana. Dada, nimekuja mara tatu tangu mazishi. Mara zote tatu nilikaa mkekani, nikala wali wako, nikakusifia mchuzi, nikarudi na maneno yangu tumboni. Mimi ni mwoga. Ulinijua kwa maskhara tu, na watu hudhani mtu wa maskhara haogopi kitu.

Kwanza nikueleze kazi ilivyokuwa, maana marehemu hakuwa mtu wa kuzungumza habari za kazi nyumbani. Hii stesheni mpya ya umeme unaiona kutoka hapo kwenu, lile bomba refu la moshi na yale majengo ya mabati. Sisi tulioijenga twaiona vingine. Upande mmoja itakula makaa ya mawe yanayoletwa kwa meli, na upande wa pili wameshamwaga zege la kuwekea mashine za gesi, ingawa gesi yenyewe hakuna aliyeiona. Huko kahawani watu wanagombana kila siku juu ya mwambao, kama utakwenda na Kenya au utakaa peke yake. Sisi vibarua tulikuwa na ugomvi wetu mwingine: nani ataandikwa kazi ya kudumu stesheni ikianza, na nani atarudishwa kwao. Kontrakta alisema atachagua watu wachache, wale wasio na doa.

Chini ya ardhi kuna handaki la zege linalotoka baharini mpaka chini ya mashine, mtu mzima husimama ndani yake bila kuinama. Maji ya bahari hupita humo kwenda kupoza mvuke. Kabla ya maji kufunguliwa tulitakiwa tulipake lami ndani yote. Harufu ya lami ya moto huijui, dada. Ukikaa humo saa mbili kichwa kinazunguka, ukitoka unapepesuka kama mtu aliyekunywa tembo. Ndiyo sababu kukawa na sharti la majina. Nyapara wetu, Mwarandu, Mrabai mmoja mtu mzima, alisimama juu penye ngazi na orodha yake. Ukiingia unaitwa, ukitoka unaitwa, unaitika naam, anatia alama. Alikuwa anasoma kwa taabu, kidole juu ya jina, na hakuwa akiinua uso kumtazama anayeitika.

Katika orodha hiyo tulikuwa Ghalib na Ghalib, mimi na mume wako, mstari wa saba na wa nane. Unajua tulivyokuwa mimi na somo yangu. Hata kabla hajakuposa tulikuwa tukisema kwamba akiitwa mmoja, ameitwa na mwenzake. Na unajua nilivyoweza kuiga sauti yake, ile ya kukwaruza. Siku ya harusi yenu nilisema nyuma ya mlango kwa sauti ya bwana harusi, na makungwi wakanijibu! Tulicheka mpaka tukatoka machozi.

Sasa nikuambie usilolijua. Ulipokuwa na mimba changa, unatapika huwezi kuinuka, somo yangu alikuwa akikuletea madafu adhuhuri ukadhani amepewa ruhusa. Hakupewa. Alikuwa akitoroka, na mimi nikimwitikia. Mwarandu akiita Ghalib, naitika kwa sauti yangu; akiita Ghalib tena, naitika kwa sauti ya kukwaruza. Vibarua wenzetu waliinamisha nyuso wakicheka. Nilifanya hivyo mara mbili, na nilijiona ndugu mwema.

Jumanne ile ya Oktoba walikuwa wanakuja wageni wakubwa kutoka Nairobi kutazama maji yakiingia mara ya kwanza. Tangu alfajiri tulikuwa tunakimbizwa. Injinia aligundua kwamba mwisho wa handaki, upande wa bahari, kuna mahali lami haikushika, na somo yangu akatumwa huko na brashi na ndoo kwa sababu alikuwa hodari. Mimi nilibaki karibu na ngazi nikikusanya mbao. Kabla ya adhuhuri tukaamrishwa tutoke sote upesi. Nilitoka katika wale wa mwanzo, nikanawa, nikaja kusimama kwenye mstari. Mwarandu akaanza kuita. Alipofika kwetu nikaitika naam. Akaita tena Ghalib. Nikatazama nyuma, sikumwona, na la kwanza kunijia kichwani lilikuwa wewe. Nikajiambia ameshavuka kwa Barke, maana jana yake aliniambia umeamka na maumivu ya kiuno. Nikaitika kwa sauti yake. Mwarandu akatia alama, akaenda kumwambia injinia kuwa watu wote wametoka.

Hakurudi ndani, dada. Hakuwahi kutoka. Mume wako hakuiba shaba wala hakuitamani. Lami ilimlevya akaanguka huko mwisho, mahali alipotumwa. Vile vipande vya shaba vilivyoonekana kwenye tope karibu naye vilikuwa mabaki ya mafundi, hata mimi nimewahi kuvikanyaga. Ofisi ilitazama orodha, ikaona alama mbili, ikasema huyu alihesabiwa nje, akarudi mwenyewe bila ruhusa, na mtu harudi mahali kama pale bila tamaa. Yote hayo yamejengwa juu ya naam yangu.

Laiti ningeishia hapo. Ungeweza kusema mdogo wangu alikosea kwa mapenzi, ukanisamehe, nami ningekubali msamaha wako nikalala. Lakini haikuishia hapo.

Baada ya majina kuitwa nilitoka mpaka getini kwa mama Kache anayeuza mahamri, ambaye humwona kila anayeteremka kwenda kuvuka. Nikamwuliza kwa utani kama somo yangu ameshampita. Akasema hajapita. Nikamwuliza tena, akaniambia ameketi pale tangu asubuhi, na leo hakupita mtu yeyote. Hapo nilijua. Sikushuku, dada, nilijua. Na maji yalikuwa bado hayajafunguliwa. Wageni walikuwa wamechelewa, wako kwenye chai. Nilikuwa na nusu saa nzima.

Nilirudi mbio mpaka kwa Mwarandu. Nikasimama mbele yake. Aliniuliza nataka nini. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema, kwamba niliitika kwa ajili yake. Lakini wiki iliyotangulia watu wawili walifukuzwa kwa kuitikiana, na jina langu lilikuwa tayari kwenye karatasi ya watakaoandikwa. Nikajiambia pengine mama Kache hakuona vizuri. Nikajiambia pengine somo amekaa kivulini mahali, atatokea sasa hivi akinicheka. Mwarandu aliponiuliza mara ya pili, nilimwuliza saa ngapi. Akaniambia. Nikaenda kusimama na wenzangu.

Lango la maji lilipoinuliwa maji yalinguruma chini ya miguu yetu. Wageni wakapiga makofi, na vibarua wakapiga makofi. Aliyekuwa kando yangu akanitazama, nami nikapiga.

Unajua walivyompata kesho yake maji yalipokwama, sitayarudia. Lakini kuna jingine usilolijua. Polisi walipofanya uchunguzi waliniita mimi, kwa kuwa ni somo yake na shemeji yake, wakaniuliza kama nilimwona akitoka. Waliniletea msahafu. Niliweka mkono wangu juu yake nikasema nilimwona, tulitoka pamoja. Kwa kiapo hicho nilimzika mume wako mara ya pili, na safari hii nilimzika mwizi.

Tangu tarehe mosi ya mwezi huu nimeandikwa kazi ya kudumu. Nimepewa sare ya kaki na kofia. Wameniweka kwenye pampu zinazovuta maji yapitayo katika handaki lile, na kila asubuhi mimi ndiye ninayeziwasha.

Jana nilimwambia Mwarandu kila kitu. Alikaa juu ya pipa. Kisha akanisihi ninyamaze, kwamba naye ana watoto, na kwamba yeye hakuinua uso na dhambi hiyo inamtosha. Simlaumu, ila sitamtii. Kesho Jumamosi, nikitoka kazini, nitakwenda kituo cha polisi Changamwe niandike maelezo yangu upya, na najua kiapo cha uongo adhabu yake ni jela. Lakini nimeshakuambia kwamba mimi ni mwoga, na kati ya leo na kesho sijui miguu yangu itanipeleka wapi. Kwa hivyo barua hii usiichane. Ikiwa Jumatatu hujasikia kwamba nimekamatwa, mpe Kadhi, na mwambie hati hii ni ya ndugu yako. Usinihurumie kwa sababu tulinyonya ziwa moja. Mtoto wako ana haki ya jina la baba yake, na haki hiyo imo mikononi mwako sasa, haimo tena mikononi mwangu.

Msamaha sikuombi. Nikikuomba, nitakuwa nakutwika mzigo mwingine, nawe una mzigo wako tumboni. Mungu akujaalie ujifungue salama, na akupe mtoto mwenye sauti yake.

Nisalimie majirani, walionena na walionyamaza. Nisalimie mama mkwe wako, Bi Tumu, na hapa nina ombi moja, la mwisho. Sijui kama umewahi kumwona akinifanyia haya. Kila nikija huniweka barazani akaingia ndani, akashusha pazia, akaita Ghalib. Nami nikiitika, huita tena, taratibu zaidi. Mara ya kwanza nilidhani anataka maji. Mara ya pili nilielewa, nikamwitikia kwa sauti ya mwanawe, nikamsikia akilia kwa raha na kumshukuru Mungu. Mwambie asiniite tena. Mwambie mwanawe hakuitika hata siku ile.

Wassalaam.

Ndugu yako,
Ghalib bin Jaffar